Fimbo Nyeupe ya Mugumo

Usiniambie ati kipofu haogopi giza. Mimi Watiri nimezaliwa bila kuona, na jioni ile pale kwetu Skuta niliogopa mpaka meno yakagongana.

Ilikuwa mwaka wa sabini na moja. Fimbo yangu nyeupe, ile niliyofunzwa nayo shule ya vipofu, ilikuwa imekanyagwa na lori soko la Karatina. Mume wangu Moffat, baba ya Kagure wetu, ni fundi seremala. Akanichongea nyingine na kuipaka rangi nyeupe. Nilifurahi kama mtoto! Jua likielekea kuzama, nikatoka nayo kwenda kununua mafuta ya taa.

Nikawa nagonga kushoto, kulia, vile nilivyofunzwa. Mara fimbo ikakataa kwenda kushoto.

Ikanivuta.

Nikajaribu kuiachilia... vidole vikagoma. Chini ya harufu ya rangi nikanusa utomvu, nikaujua. Mugumo! Mti ambao wazee wetu huombea chini yake, mti ambao hakuna mtu kwetu anathubutu kukata. Moffat, mjinga wewe, ulidhani ukiupaka rangi hautajulikana?

Ikanikokota mteremkoni, miiba ikinichana miguu. Mbele nikasikia shoka.

Ko. Ko. Ko.

"Mama Kagure? Umefikaje huku?" Alikuwa Moffat. "Nakata ingine. Wenzako pia wanahitaji fimbo."

"Kimbia," nikanong'ona. "Baba Kagure, nakuomba, kimbia!"

Akacheka. Fimbo ikapanda juu pamoja na mkono wangu.

Kwaa!

Nikasikia mfupa wake ukivunjika. Nikauvuta mkono kwa ule mwingine, nikauuma mpaka damu ikajaa mdomoni. Wapi! Ikashuka tena. Ikashuka usoni. Damu yake ya moto ikanirukia shingoni, naye akilia jina langu. Nampenda huyu mwanamume, nasema bila haya, na ni mkono wangu uliokuwa ukimuua.

Konstebo Wandera, polisi aliyetoka magharibi, si mtu wa kwetu, alisikia mayowe akaja mbio. Aliposhika ile fimbo tu, vidole vyangu vikafunguka.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "hii fimbo ni kavu. Haina hata tone la damu."

Wazee waliichoma kesho yake. Moffat hakufa, lakini macho yote mawili yalikwisha. Nikaketi kando ya kitanda chake hospitalini, mikono mitupu juu ya mapaja.

"Hukuwa wewe," akaninong'oneza. "Kulikuwa na mzee nyuma yako, amekushika mkono."

"Ameenda, Baba Kagure. Fimbo imechomwa."

"Sioni ukuta. Sioni taa. Lakini yeye namwona..."

Akajisukuma nyuma, kitanda kizima kikilia.

"Mama Kagure, tafadhali. Shusha mkono."

Nilidhani uko mapajani.

Nikajaribu kuushusha.