Maji ya Miguu

Mpaka leo sijajua maji yale yalikwenda wapi. Beseni halikuwa na ufa. Sakafu ilikuwa kavu.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Waingereza watushinde sisi watu wa Welisi, wakaanza kujenga ngome yao penye mlango wa mto. Kila nyumba ilitoa mtu wa kubeba mawe. Kwetu alikwenda mume wangu, Rhirid. Hakurudi. Tuliambiwa katoroka. Wengine walinong'ona kwamba ukuta uliokuwa ukianguka kila mara ulisimama imara siku ileile alipotoweka. Simlaumu mtu. Waashi nao walikuwa watoto wa watu, wameletwa kwa lazima.

Sasa ilikuwa zamu ya mdogo wake, Cadwgan. Alitakiwa kuondoka asubuhi.

Jioni hiyo nilikwenda kuteka maji. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini. Wakati wa kurudi nikasikia nyayo nyuma yangu. Nikisimama, zinasimama. Kisha harufu...

Chokaa mbichi.

Nilipofika mlangoni niligeuka. Mtu alisimama pale, peku, miguu myeupe, joho limemfunika uso. Kwa mazoea tu, nikatamka neno ambalo kwetu halirudishwi.

"Karibu maji ya miguu."

Mgeni akiyakataa maji hayo, hupewa kinywaji akaenda zake. Akikubali kuoshwa, amekubali kulala, na hakuna wa kumtoa.

Akaketi. Akanyoosha miguu.

Tangu asubuhi Cadwgan alikuwa akificha hofu yake kwa mzaha. "Shemeji, mgeni wako kaoga unga?"

"Nyamaza wewe," alisema mama mkwe wangu, Generys.

Miguu ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Weupe haukutoka. Maji yakaanza kulia... chsss... yakapungua. Nikaongeza mengine. Nayo yakapungua, mpaka beseni likabaki kavu mikononi mwangu.

Cadwgan hakucheka tena.

"Umetoka mbali, mwanangu?" Generys aliuliza.

"Ukutani," alinong'ona. "Kuna baridi."

Niliijua sauti ile. Generys aliijua kabla yangu. Niliona mkono wake ukipapasa kutafuta pa kushika.

"Cadwgan asije," mgeni akasema. "Ukuta... haujashiba."

Akajilaza kwenye kona, uso ameuelekeza kwenye mawe. Hatukuthubutu kumfunua. Hatukulala, wala hatukumwona akinyanyuka. Kulipopambazuka kona ilikuwa tupu. Nyayo nyeupe zilitoka mlangoni mpaka kwenye ukuta wa kona ile.

Za kurudi hazikuwapo.

"Twendeni milimani, malishoni," Cadwgan alisema. "Ngoja niufukie moto."

Moto ule uliwashwa na babu yake. Kila usiku ulifukiwa kwa majivu, kila asubuhi ukafukuliwa. Haukuwahi kuzimika.

"Usiufukie," alisema Generys.

"Mama?"

"Mtoto akifukua moto wa baba yake, nyumba ni yake. Sheria yetu ndiyo hiyo." Aliitazama kona. "Tukiuacha hai, kaka yako atakaa hapa akingoja kuufukua. Hatapumzika."

"Na mimi je? Ukizimika, sina haki ya kurudi. Waingereza watasema nyumba haina mwenyewe."

"Najua, baba. Lakini utakuwa hai."

Mwishowe Cadwgan akaitikia kwa kichwa. Tungeondoka, na moto ungezimwa.

Alinyanyua mtungi. Akauweka chini tena. Nikausogelea mimi. Generys akanisukuma taratibu kando.

"Niliyemzaa ni mimi."

Akamwaga.

Majivu yakalia, chsss... Na ndani ya ukuta, mtu akashusha pumzi.