Sikio Chini ya Meza

"Mgonjwa wa Chang'ombe haamki."

Mzee Mbwana hakusalimia. Hakuwa na kawaida ya kusalimia akiwa na jambo.

Mwanne Uwesu alisukuma pembeni bakuli la supu. "Tangu lini?"

"Asubuhi hii. Nenda kama fundi. Neno la siri ni zabibu."

Simu ikakatwa.

Mwanne alifuta mikono, akaweka begi mgongoni, akapiga kiki pikipiki yake aina ya Boxer. Watu wa mtaa walimjua kama fundi wa kompyuta, binti wa Kirangi kutoka Kondoa asiyependa maneno mengi. Ndani ya begi mlikuwa na bisibisi, testa, nyaya na diski kuukuu za kutolea vipuri. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cha kufutia vioo, ililala bastola aina ya Glock.

Mgonjwa alikuwa kompyuta ya nyumbani kwa Wakili wa Serikali Emilia Ndahani.

Kesho yake asubuhi Emilia alikuwa asimame mahakamani dhidi ya mtandao uliokuwa ukitorosha yakuti kutoka milima ya Mpwapwa. Mkuu wa mtandao alikuwa mgeni mmoja aitwaye Voss, mtu mwenye pasipoti za nchi tofauti tofauti. Shahidi wa kwanza wa kesi hiyo aliokotwa korongoni akiwa maiti. Wa pili, Abubakari, alikuwa bado hai kwa sababu moja tu: hakuna aliyejua alikofichwa.

Hakuna, isipokuwa ile kompyuta.

Ndani yake mlikuwa na video ya ushahidi wa Abubakari. Uso wake ulionekana wazi. Nyuma yake, kupitia dirisha lililosahaulika wazi, vilionekana vilima ambavyo mwenyeji yeyote angevitambua kwa kuvitupia jicho mara moja.

Vilima vya Kibakwe.

Mwanne alikunja kona ya mwisho ya Chang'ombe, akapunguza mwendo.

Mbele ya geti la Emilia palikuwa na pikipiki nyingine, TVS nyekundu. Alipita karibu nayo kama anayetafuta kivuli, akagusa injini kwa nyuma ya kiganja.

Ya moto.

Mtu alikuwa amemtangulia.

Emilia alimfungulia mwenyewe. Alikuwa mama wa makamo, kitenge kimefungwa kiunoni, miwani imepandishwa kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mimi ndiye yule fundi wa hapo barabarani, uliyenipigia asubuhi. Zabibu za uani kwako zimeshaiva nini? Naona nyuki wengi."

Macho ya Emilia yalitulia usoni kwa Mwanne. Kisha yakaruka kuelekea sebuleni, yakarudi. Alikuwa na hofu sasa, lakini hakuwa mjinga.

"Bado changa," alijibu, kama alivyoelekezwa na Mzee Mbwana. "Ingia. Nilisahau kukuambia usije. Nimempigia Kefa wa ofisini, naye kaniletea fundi wa kwao."

Sebuleni, kijana mmoja alikuwa amepiga magoti kando ya meza. Shati jeupe, viatu vya ngozi. Sipiyu ilikuwa imelazwa sakafuni, ubavu wake umefunguliwa.

"Khalidi," alisema bila kuulizwa. "Nimeshamaliza. Diski imekufa. Naipeleka ofisini."

Viatu vya ngozi, Mwanne aliwaza. Fundi gani anatambaa chini ya meza za watu na viatu vile?

"Pole na kazi kaka," alisema kwa unyenyekevu. Akamgeukia Emilia. "Mama, ilizimaje?"

"Nilikuwa naitumia vizuri tu. Nikaenda jikoni kuinjika chai, kurudi nakuta imezima. Nabonyeza, kimya. Hata kale kataa ka mbele hakawaki."

"Na feni? Husikii ikivuma?"

"Hakuna kitu. Kama jiwe."

Mwanne aliitikia kwa kichwa.

Diski ikifa, taa huwaka. Feni huzunguka. Kioo hulalamika kwamba hakioni pa kuanzia. Mashine inayokaa kimya kama jiwe haijakosa diski, imekosa umeme. Hilo hujulikana siku ya kwanza ya kazi. Akatupa jicho nyuma ya meza. Vumbi jekundu la Dodoma lilikuwa limelala juu ya plagi, laini, bila alama ya kidole.

Khalidi hakuwa amegusa hata waya. Alifungua ubavu, akang'oa diski, basi.

Angeweza kummaliza palepale. Mkono ulishaanza kumwasha. Lakini Khalidi alikuwa mjumbe tu, na mjumbe akipotea, waliomtuma hukimbia.

"Kaka, utaibeba hivyo mfukoni?" aliuliza kwa mshangao. "Na hili joto? Umeme wa mwilini utaiunguza kabisa. Ninayo mifuko ile ya rangi ya fedha, ya kuzuia umeme. Lete nikufungie."

Khalidi alisita.

Kukataa kungemfanya aonekane hajui kazi. Akaitoa.

Mwanne aliinama kwenye begi. Diski ya Emilia ilizama kushoto, diski mfu iliyofanana nayo ikaibuka kulia, na pamoja nayo kifaa cha kufuatilia, chembamba kama kipande cha bigijii ya kutafuna. Vyote vikaingia kwenye mfuko wa rangi ya fedha. Alipoinua uso alikuwa akitabasamu.

"Usiifungue mpaka ufike mezani, kaka."

Emilia alikuwa amesimama mlangoni. "Hiyo diski haitoki humu ndani."

"Mwache aende nayo, mama," Mwanne alisema taratibu. "Ndiye fundi wa ofisi."

Khalidi akauchukua mfuko.

Emilia akasogea pembeni, akampisha. TVS ilinguruma, ikapotelea mtaani.

Emilia alifungua mdomo kuongea. Mwanne aliinua kidole haraka.

Alikuwa ameona kitu kingine.

Chini ya meza palikuwa na ekstensheni nyeupe, mpya, yenye matundu kadhaa. Kwenye tundu moja chaja ya simu ilikuwa inawaka taa ya kijani. Waya wa kompyuta ulikuwa kwenye tundu la jirani. Aliuchomoa, akaingiza testa. Giza. Akahamia tundu la pembeni. Testa ikawaka.

Tundu moja tu lilikuwa limekufa.

Aliiinua ekstensheni kwa mikono miwili, polepole. Ilikuwa nzito kuliko ilivyopaswa kuwa. Kwa chini, skrubu zake hazikufanana, na katikati palikuwa na kitobo kidogo kama cha sindano.

Kinasa sauti.

Kompyuta haikuwa imeugua hata siku moja. Mtu aliizima kutoka mbali ili fundi aitwe. Na mtu huyo huyo alikuwa akisikia kila neno linalotamkwa ndani ya chumba hiki.

Aliirudisha chini bila mlio.

"Ah, mama," alisema kwa sauti ya kuchoka. "Bila diski mimi sina la kufanya hapa. Msubiri yule kaka. Mimi narudi kibandani kwangu."

Alikwenda mlangoni, akaufungua, akaubamiza. Kisha akavua viatu, akarudi kwa kunyata huku akiandika kwenye simu. Akamwonyesha Emilia kioo.

*Usiseme kitu. Hiyo ekstensheni inasikiliza. Nani alikupa?*

Emilia alisoma. Akaichukua simu, akaandika.

*Kefa. Wiki iliyopita. Alisema umeme wa huku unaua kompyuta.*

Kisha akaongeza haraka: *Atakuwa amedanganywa. Kefa ni baba wa ubatizo wa mwanangu. Tumesoma naye.*

Mwanne alimtazama mama yule. Kazi yake ilimzoesha kumshuku kila mtu, hata anayelia. Huenda Kefa alitumiwa. Huenda Kefa ndiye aliyekuwa akitumia. Huenda hata Emilia alikuwa anajua zaidi ya alichoandika.

Kulikuwa na njia moja ya kujua.

Kwanza alichomoa spika ili isipige mlio, akairudisha diski mahali pake, akachukua waya na kuupeleka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Akabonyeza. Kale kataa ka mbele kakawaka. Feni ikavuma kidogo, kioo kikajaa mwanga. Video ilikuwepo. Aliizima tena, akang'oa diski na kuifungia kwenye begi lake.

Halafu akaandika maneno mengi, akampa Emilia simu.

Wakili aliyasoma mara mbili. Akatikisa kichwa kukataa. Kisha akashika simu yake mwenyewe sikioni, simu isiyompigia mtu yeyote, na kusema kwa sauti yake ya mahakamani:

"Haloo, afande. Emilia hapa. Kompyuta yangu imeharibika, lakini shahidi yupo na hilo ndilo muhimu. Hapana, msimhamishe leo. Abaki hukohuko Mtera, kwenye kile kibanda cha bati la kijani, mwisho wa soko la samaki. Walinzi waondoke, wanavuta macho ya watu. Mtamfuata kesho alfajiri. Sawa. Asante."

Akashusha simu. Akakaa sakafuni, akajifunika uso kwa kitenge.

Mwanne alimgusa bega, akatoka kwa mlango wa uani.

*

Mtera ilinuka samaki waliokauka na matope ya moto. Jua lilikuwa limeanza kulegea juu ya bwawa. Ndani ya kibanda cha bati la kijani Mwanne alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, baraghashia kichwani, koti kuukuu la kiume mabegani, mgongo ukitazama mlango. Nje, wanunuzi wa samaki walikuwa wakibishana bei. Baadhi yao walikuwa maofisa wa usalama, vijana wa Mzee Mbwana.

Redio ilikwaruza sikioni.

"Zabibu, hapa Shamba."

"Sema, Mzee."

"Prado nyeupe. Imeacha lami. Diski yako mfu imo ndani, kifaa chake kinalia vizuri."

"Wangapi?"

"Watatu. Kijana wako, mgeni, na mmoja kakaa nyuma. Kofia imefunika uso."

"Mnamtambua?"

"Bado."

Mwanne aliikoki Glock yake.

Alielewa kwa nini walikuja na mtu wa tatu. Si Voss wala Khalidi aliyewahi kumwona Abubakari. Diski waliyoitegemea iwape sura ilikuwa haifunguki. Walihitaji mtu aliyewahi kukaa chumba kimoja na shahidi, mtu ambaye sauti yake ingemfanya afungue mlango bila hofu.

Milango ya gari ilifungwa bila kelele. Nyayo juu ya changarawe.

Zikasimama.

"Abubakari." Sauti ya mtu mzima, ya upole. "Ndugu yangu, usiogope. Ni mimi, Wakili Kefa. Emilia kanituma nikuchukue. Fungua."

Basi.

Mpaka hapo palikuwa bado na upenyo mdogo wa kumwonea huruma. Sasa uliziba.

Mwanne alikohoa kama mwanamume mgonjwa. "Umerudishiwa tu," alisema kwa sauti nzito. "Sukuma."

Mlango ulisukumwa. Aliyeingia mbele alikuwa Khalidi, bastola yenye kiwambo cha kuzuia sauti imetangulizwa.

Mwanne aliirusha ndoo.

Ilimpata mkononi. Risasi ikatoboa bati, *fyuu*, mwanga mwembamba ukaingia ndani. Kabla Khalidi hajalenga tena, Mwanne alikuwa ameshamfikia. Kiwiko kooni. Goti tumboni. Khalidi alianguka na viatu vyake vya ngozi vikielekea juu.

"Fundi wa barabarani!" alikoroma, macho yamemtoka.

"Ungeanza na waya, kaka."

Nje Kefa alikuwa ameshalala kifudifudi, mnunuzi wa samaki amemkalia mgongoni. Voss hakuwa amesubiri. Alikuwa akikimbia kuelekea majini, suti yake ya kijivu ikipepea, wanawake wakivuta mabeseni yao pembeni kumpisha. Akarukia boti yenye injini ya Yamaha, akavuta kamba. Injini ikaitika.

Mwanne aliingia majini mpaka magotini. Akapumua. Akafyatua mara moja.

Injini ilitapika moshi, ikanyamaza.

"Mikono, Bwana Voss."

"Unajua mimi ni nani?" Voss alifoka, kwa Kiswahili cha kujifunzia vitabuni.

"Hata pasipoti zako hazijui. Mikono."

Mikono ilipanda juu.

Waliwapakia garini mmoja mmoja. Kefa alikuwa wa mwisho. Mchanga ulikuwa umemganda shavuni, na pingu zilimfanya aonekane mzee kuliko umri wake. Alipofika usawa wa Mwanne alisimama.

"Emilia anajua?"

"Anajua nini, Wakili?"

"Kwamba ni mimi."

"Uliyoyasikia kwenye ekstensheni yako alikuwa anakuambia wewe," Mwanne alisema. "Alijua huenda ni wewe uliye upande wa pili. Akayasema hivyo hivyo."

Kefa alifumba macho. Ofisa akamsukuma kichwa kwa upole, akamwingiza garini.

Simu ya Mwanne ililia kabla vumbi la magari halijatulia.

"Mwanangu," sauti ya Emilia ilikuwa ndogo. "Abubakari mzima?"

"Mzima, mama. Hakuna aliyemkaribia. Kesho utamwona mahakamani."

"Na huko kwenu… alikuja?"

Mwanne alitazama maji. Boti ya Voss ilikuwa ikizunguka taratibu, moshi ukiisha.

"Alikuja."

Kwa mbali Mwanne alisikia mlio wa kikombe kikiwekwa chini.

"Muda wote tangu uondoke nimekaa hapa sakafuni namwomba Mungu asije," Emilia alisema. "Ingekuwa nimemsingizia, ningempigia magoti." Akavuta pumzi. "Haya. Nina kesi ya kuandaa. Niletee diski yangu."

"Naileta, mama."

Mwanne alikata simu. Alivua baraghashia na lile koti la kiume, akavitundika kwenye msumari wa kibanda, akafunga mtandio wake vizuri. Muuza samaki mmoja alimwuliza kana kwamba hakuna kilichotokea: "Dada, perege wa leo huchukui?"

"Wiki ijayo," Mwanne alijibu.

Akaweka begi mgongoni, akapanda kilima kuelekea barabara ya Dodoma bila kugeuka nyuma.