Hatari Mia Mbili na Kumi

Ukuta wa mbele wa ukumbi ulibadilika rangi kadiri watu walivyoandika. Ulianza kijivu, ukaingia samawati, na sasa ulielekea kijani, rangi ya sifa. Huo ndio uliokuwa uso wa kipimamaoni, mashine iliyosoma maneno ya wasikilizaji mia tisa kwa pamoja na kuyageuza kuwa alama moja kabla mtoa mada hajashuka jukwaani.

Tunsume Mwakalinga alisimama chini ya ukuta huo bila kugeuka kuutazama. Alikuwa ametumia nusu saa kueleza programu yake mpya ya vidondoshi, zile mashine ndogo zinazoning'inia kando ya kitanda na kumdondoshea mgonjwa dawa mshipani. Programu ya zamani ilifuata vitufe. Yake ilifuata sauti ya muuguzi. Ilimchukua miaka sita kuiandika. Kwa kanuni za Kongamano la Waunda Programu la Dodoma, mada ikivuka alama tisini, programu yake hupelekwa katika hospitali zote za kanda saa kumi jioni, siku ileile. Hakuna kikao kingine. Wasikilizaji ndio kikao.

"Tisini na sita," alisema Hamdu Kipingu, mwenyekiti wa kipindi. "Dada, mimi mwaka jana nilipata hamsini na moja, na nusu ya ukumbi walikuwa shemeji zangu."

Tunsume alijaribu kucheka. "Wameandika nini?"

"Neno moja. Hatari. Watu mia mbili na kumi."

Neno hilo alilijua vizuri. Miaka minane iliyopita yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kipimamaoni. Siku hizo kijana akiandika "huyu mama ni hatari" kwa kusifu, mashine ilidhani analalamika, ikashusha alama, na watoa mada wazuri wakarudi makwao wameinamisha vichwa. Tunsume alikaa na maoni elfu tatu ya zamani, akayasoma moja moja, kisha akaifundisha mashine kwamba hatari ni sifa. Katika yale elfu tatu hakukuwa na hata moja lililomaanisha vingine. Lakini yale yalikuwa maoni ya mada za michezo ya kompyuta.

Penye meza ya chai, mwanamke aliyevaa sare nyeupe alikuwa akimngoja. Kikombe chake kilikuwa kimejaa.

"Pole na kazi, injinia. Naitwa Leokadia, ni muuguzi wodi ya watoto wachanga. Sijui kama maoni yangu umeyaona."

"Nimeona alama tu, sista. Uliandikaje?"

"Niliandika hatari."

"Asante sana."

Leokadia alimtazama kidogo. "Unanishukuru? Mimi na wajukuu wangu wawili, nimsifu mtu kwa hatari kama niko uwanja wa mpira?"

Aliweka kikombe mezani.

"Kule wodini tukitaka dawa iende taratibu kwa muda wa saa mbili, tunasema, punguza saa mbili. Pale jukwaani ulikiambia kidondoshi hivyohivyo. Kikakujibu, sawa, saa mbili. Ukafurahi. Mimi nilikaa mstari wa mbele, nikakisoma kioo chake. Kiliandika kwamba kitaanza kupunguza saa mbili usiku."

Kwenye maabara yake, ili majaribio yaende haraka, Tunsume sikuzote alisema dakika, si saa.

"Kwa mtoto wa kilo tatu," Leokadia aliendelea, "dawa ikienda kwa kasi ileile mpaka usiku..."

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Tunsume alifungua kibao chake cha mkononi akaagiza programu isitishwe. Kibao kikamuuliza sababu. Akasema, "Muuguzi ameandika hatari."

"Sifa haiwezi kuwa sababu ya kusitisha," kilijibu kibao, kilichotumia kamusi ileile ya kipimamaoni.

Ilibidi arudie kwa utaratibu, neno kwa neno, kwamba programu ina kosa. Safari hii kilikubali, na kazi yake ya miaka sita ikarudi kwenye foleni ya mwaka ujao.

Alitegemea moyo utatulia. Haukutulia. Mia mbili na kumi, toa mmoja: hao wengine walimaanisha nini? Alirudi ukumbini karibu mbio, Leokadia akimfuata, akamweleza Hamdu kosa la saa mbili na kumwomba kipaza sauti.

"Dada, mwenzio anasubiri kuanza."

"Dakika moja tu, kaka."

Akawageukia watu. "Samahani, wenzangu. Kama umeandika hatari, na ulimaanisha hatari, naomba usimame."

Watu walicheka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Hatari tena, mama," wengine wakaandika hivyohivyo, na ukuta ukazidi kuwa kijani. Tunsume hakuondoka. Kicheko kilipungua, kikaisha. Leokadia, aliyekwisha kurudi kwenye kiti chake, akasimama. Baada ya muda akasimama mfamasia mmoja, kisha fundi umeme, kisha mabinti wawili waliokaa pamoja, kisha wengine, kila mmoja akitazama kwanza kama hayuko peke yake. Walikuwa kumi na mmoja.

"Angalau hilo la saa mbili limeonwa na wengi," Hamdu alinong'ona.

Fundi umeme ndiye aliyekuwa karibu. Tunsume alimwinamia kutoka jukwaani. "Kaka, na wewe ni hilo la saa mbili?"

Yule bwana alikunja uso. "Saa gani? Mimi nimeona kosa jingine."