Mama Mkwe na Ukuta wa Leza

Leza ya Tumpe Mwakalinga ilikata bamba la chuma lenye unene wa kiganja kama mtu anavyomega ugali wa moto, tena kwa mluzi mdogo tu. Mwanga wenyewe huuoni. Ni mwanga ambao jicho la binadamu halikupewa kuuona. Unachoona ni cheche, kisha chuma kinaachana vipande viwili kana kwamba kimekubaliana chenyewe.

Siku hizo Mbeya ilikuwa jiji la treni za kuning'inia, zile zinazoshuka Tukuyu juu ya migomba, na mabehewa yake yote yalikatwa katika karakana ya Tumpe pale Iyunga. Leza ilikaa ndani ya chumba chake, wakakiita chumba cha giza. Kuta zake zilipakwa rangi nyeusi ya kukwaruza kama ukoko, na kazi ya rangi hiyo ni kumeza mwanga. Maana leza ikigonga chuma, sehemu yake huruka ovyo kama maji uliyomwagia jiwe, na huko inakorukia bado ina nguvu ya kuunguza. Ukuta mweusi huipokea na kuimaliza palepale. Ubavuni palikuwa na tundu refu la kupitishia mabamba, likitazamana na ukuta mmoja mweusi. Mlangoni alisimama Mwangalizi, roboti wa ulinzi.

Kila mgeni alisomewa masharti na Tumpe mwenyewe. Usiguse, usichungulie, vaa miwani ya kijani. Waziri alisomewa. Askofu naye alisomewa, akavaa miwani akafanana na panzi, watu wakacheka naye akacheka.

Mtu mmoja tu hakusomewa. Huyo ni Mama Ambakisye, mama mkwe wake, aliyetoka Rungwe kuja kukaa juma zima. Mama huyu alikuwa msomaji wa Neno kanisani kwao tangu ujana wake, anasoma bila miwani, na sauti yake inafika hadi viti vya nyuma. Sasa mkamwana atamwambiaje mama kama huyo asiguse kitu? Tumpe alipiga goti, akapokea mkungu wa ndizi, akasema, "Karibu mama, hapa ni kwako." Na katika kumbukumbu za roboti, kwa heshima hiyohiyo, akamwandika kuwa mwenye nyumba.

Asubuhi iliyofuata Tumpe alikwenda kikaoni mjini. Leza ilikuwa imezimwa na mlango uko wazi. Mama Ambakisye akaingia, akatazama ukuta, akasikitika.

"Mkamwana wangu kasoma hadi ng'ambo," alisema, "na ukuta wake una masizi kama sufuria la msibani."

"Ukuta huu hausuguliwi," alisema Mwangalizi.

"Wewe umezaliwa lini, hata unifundishe mimi kusugua?"

Roboti akapekua kumbukumbu zake. Akakuta huyu ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba habishiwi. Akamshikia ndoo.

Mama alisugua kwa majivu na mchanga, akiimba tenzi za kanisani, mpaka rangi ikabanduka, na chuma cha ukuta ule unaotazamana na tundu kikang'aa kama kioo, hata ungeweza kufungia kilemba mbele yake. Kuta nyingine akaziacha, mkono umechoka.

Mchana Tumpe alirudi mbio, kazi inamsubiri. Mlango aliukuta umefungwa, hakuchungulia ndani, akawasha. Mama Ambakisye alikuwa amesimama kando ya tundu, anachungulia ukuta wake, anangoja asifiwe.

"Mwanga umetoka nje," alisema Mwangalizi, na papo hapo akaizima leza.

Harufu ya kitambaa kilichoungua ikasikika. Kilemba cha mama kilikuwa na tobo dogo la mviringo, safi kabisa.

"Kilemba changu cha Pasaka," alisema mama, akicheka. "Mashine yako haijui sikukuu." Kisha akafumba jicho moja, akafumba la pili. "Tumpe, mbona usoni kwako pana doa?"

Tumpe aliutazama ule ukuta uliong'aa, akamshika mama mkono, akamkimbiza hospitali.

Hospitalini Daktari Lusajo alimpa mama Biblia asome kwa jicho la kulia. Mama akaanza vizuri, akasita.

"Katikati ya mstari pana tundu," alisema. "Neno linaingia humo, halionekani."

Daktari alieleza polepole. Jicho hukusanya mwanga wote likauweka mahali pamoja, kule nyuma kwenye pazia la kuonea. Mwanga wa leza ukifika hapo unaunguza, na pazia hilo halioti tena. Miaka hiyo watu walibadilishiwa moyo wakarudi shambani, lakini pazia la jicho lilikuwa bado limewashinda.

"Mbona halikuuma?"

"Huko nyuma hakuna maumivu, mama. Ndio ubaya wake. La kushoto ni zima."

Daktari alipotoka, Tumpe alipiga goti sakafuni, analia. "Nisamehe mama. Sikukuambia."

"Ungeniambia nini?"

"Usiguse."

"Ungethubutu?"

Tumpe akatikisa kichwa.

"Haya, futa machozi. Mungu aliniwekea jicho lingine, Jumapili nitasoma kwa hilo. Ila wenzangu wa kwaya wanakuja Jumatano kuona karakana yako. Wote ni mama wakwe wa watu, na wote wanasugua kuliko mimi. Simama. Anza na mimi. Niambie kama unavyomwambia askofu."

Tumpe alisimama, akajifuta pua kwa kiganja. Tangu aolewe hajawahi kumtuma mama huyu hata kikombe.

"Mama," alisema mwishowe, "kaa chini kwanza."

Mama Ambakisye akakaa.