Chumvi ya Shamba la Juu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kufua sare zake, Chiriku alikuwa na kazi moja: kufungua lango la mfereji, kungoja maji yafike mwisho wa matuta, kisha kulifunga. Jina hilo la ndege mpiga kelele alipewa na shangazi yake, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Kungoja peke yake shambani, bila mtu wa kusemezana naye, ilikuwa adhabu. Basi akishafungua lango, huyoo, mbio kwa rafiki yake kupiga soga. Akirudi mchana, shamba ni bwawa, na maji yanamwagika mtaroni kuelekea mtoni.

"Mbona limelowa hivi?" Baba aliuliza siku moja.

"Nimelinywesha likashiba, Baba."

Baba akacheka. Kama wakulima wengi wa upande wa juu wa mto, aliamini kwamba maji mengi huosha chumvi ya udongo. Kweli, yaliiosha. Inakokwenda, hakuna aliyeuliza.

Ilikwenda kwa shangazi. Dada huyo wa Baba alikuwa na kitalu cha miche ya nyanya bondeni, akimwagilia kwa maji ya mto uleule. Kiangazi kile Chiriku alimkuta amechuchumaa kitaluni. Majani yalikuwa yameungua kingo, na udongo umefanya ukoko mweupe.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona leo umeishiwa maneno? Au umeyaazimisha?"

Alitania, lakini mkono wake uliendelea kung'oa mche mmoja baada ya mwingine na kuutupa kapuni.

"Ni ile chemchemi ya chumvi ya kilimani," Baba alisema jioni aliposikia habari za miche.

"Ndiyo, ni chemchemi," Chiriku akadakia haraka, asije akaulizwa habari za lango.

Kesho yake bwana shamba alikuja na kipimo chake cha chumvi. Akapima maji karibu na chemchemi, kisha chini ya mashamba. Baba, Shangazi na Chiriku wakamfuata nyuma.

"Chemchemi inatia chumvi kidogo, tangu enzi za babu zenu," alisema. "Nyingi inaingilia hapa." Akaonyesha mtaro unaotoka shamba la Baba. "Maji yakizidi, yanakokota chumvi ya ardhini hadi mtoni. Nani hufunga lango?"

"Binti yangu," Baba alijibu. "Na hufunga kwa wakati."

Chiriku alimtazama Shangazi na mikono yake iliyojaa udongo.

"Sifungi, Baba. Huwa naenda kucheza. Shangazi, ni mimi."



"Na mimi nililiona shamba limelowa, nikacheka," Baba alisema taratibu.

Tangu juma lile, lango lilifungwa maji yalipofika mwisho wa tuta. Baba na majirani wakachimba dimbwi mwisho wa mtaro, maji ya ziada yaishie humo. Baada ya miezi miwili kipimo kilionyesha chumvi ya mto imepungua sana.

Miche haikuwepo tena kuyafurahia maji hayo. Udongo wa kitalu ulihitaji mvua za msimu mzima kuisha chumvi, na Shangazi hakuweza kungoja bila kazi. Alipata kibarua cha kufua mashuka ya hospitali, mbali na nyumbani. Chiriku alimbebea mzigo hadi kituo cha basi.

"Utarudi, Shangazi?"

"Udongo ukipona." Akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake. "Ulisema kweli, mwanangu, ndiyo maana mto umepata nafuu. Lakini kazi ukiiacha nusu, kuna mtu chini yako anayeimalizia kwa machozi. Na kweli isemwe mapema. Ungeisema mapema, leo ningekuwa kitaluni."

Basi likafika. Chiriku akampa mzigo wake.