Jina Kwenye Kioo Si Ombi

Mwongeli alikuwa msusi wa vyondo, vile vikapu vya katani. Aliketi mlangoni mwa jikoni, penye mwanga, na mikono yake ilikwenda haraka kuliko ya mwanamke mwingine yeyote pale kijijini. Mumewe, Nyamai, alikuwa fundi wa bomba wa mradi wa maji. Nyumba yao iko chini ya barabara inayokwenda Kabati, Kaunti ya Kitui. Walikuwa na mbuzi, shamba la pojo na kunde, na watoto, Mbithi na wadogo zake, waliokwisha kuoa na kuhamia Kibwezi. Hawakuwa matajiri, lakini walikula.

Kisha jicho la kulia la Mwongeli likafa. Halikuuma hata kidogo, na ndiyo sababu hakujua. Siku moja vumbi liliingia jicho la kushoto, akalifumba ili alisugue. Akashtuka. Ilikuwa mchana, na yeye aliona giza.

Walikwenda zahanati. Mhudumu wa macho alimpima, akasema ni presha ya macho, ule ugonjwa unaoitwa glakoma. Hakuficha neno.

"Mama, hili la kulia limekwisha," alisema. "Halirudi. La kushoto limeanza kuliwa. Dawa hairudishi kilichopotea, inalinda kilichobaki tu. Nenda hospitali kubwa, na usikawie."

Aliwaeleza kwamba kliniki ya macho ya hospitali hiyo ilipokea watu waliojiandikisha kwenye tovuti peke yao. Ukienda bila kujiandikisha, unarudishwa.

Nyamai na mkewe walikuwa na kabambe, simu ndogo ya vibonye. Simu hiyo haifungui tovuti. Kwa hiyo walikwenda kwa Mutindi.

Mutindi alikuwa mtunza simu wa mwethya. Mwethya ni kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi, leo shamba la huyu, kesho shamba la yule. Kikundi chao kilichimba matuta ya kuzuia maji, na kilikuwa na simu moja kubwa ya kioo cha kugusa, mali ya wote. Waliitumia kuangalia habari za mvua na kumtumia afisa wa kilimo picha za mimea. Mutindi aliiweka kwenye mfuko wa kitambaa ndani ya kabati, chini ya leso zake.

Simu hiyo ilikuwa na sheria kali. Zamani mwanachama mmoja aliazima simu akaweka humo mchezo wa kamari, na kikundi karibu kivunjike. Walikaa kikao, wakaapa kwamba hakuna mtu atakayeongeza wala kubadilisha kitu chochote ndani ya ile simu mpaka wanachama wote wakubali. Mutindi aliishika sheria hiyo kama amri ya kanisa. Kila simu ilipomwomba aisasishe, yaani aiwekee matoleo mapya ya programu zake, alibonyeza "Baadaye." Alifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, akajisifu kwamba simu ya mwethya iko vilevile ilivyotoka dukani.

Mutindi alifungua tovuti ya hospitali. Juu ya ukurasa palitokea utepe wa manjano wenye maneno ya Kiingereza. Akauondoa bila kuusoma, kwa sababu tepe kama hizo kwa kawaida ni matangazo ya biashara. Akaandika jina la Mwongeli, umri, ugonjwa. Akachagua tarehe. Akashuka chini ya ukurasa, na huko chini palikuwa peupe. Hapakuwa na kitu kingine cha kujaza.

"Imekubali," Mutindi alisema. "Ona jina lako, Mama Mbithi. Na tarehe hii hapa."

Mwongeli alisogeza kioo karibu na jicho lake zima. Aliona jina lake, na Nyamai akaliona pia. Mutindi akaomba, wote wakasema amina, na simu ikarudi mfukoni.

Walingoja wiki nyingi. Siku ilipofika waliondoka kabla ya mapambazuko. Kwenye kliniki, karani alitafuta jina kwenye kompyuta, akatafuta tena. Hakulipata. Nyamai alimwambia kwamba yeye mwenyewe aliliona kwa macho yake. Karani akajibu, bila ukali, kwamba kila mtu aliyejiandikisha alipewa nambari kwa ujumbe wa simu, na akataka kujua yao iko wapi. Hawakuwa na nambari.

Nyamai alipandisha sauti. Alisema mkewe anapofuka pale pale mbele yao. Karani aliwaonyesha benchi zilizojaa watu, akasema hao pia wanapofuka, na wana nambari. Hakuwa mtu mbaya. Lakini aliwarudisha.

Wiki hizo zilikuwa zimeshafanya kazi yake. Mwongeli alianza kujigonga kwenye miimo ya mlango. Alimwaga chai nje ya kikombe. Alimkanyaga kuku aliyekuwa amelalia mayai, akamuua, akaketi chini na kulia juu ya kuku kana kwamba ni mtoto.

Nyamai hakulia. Alikwenda kwa Mutindi, akamwambia maneno mabaya mbele ya watoto wa mama huyo. Alimwita mwongo. Mutindi naye alisema watu wa hospitali ndio waongo, simu yake haina kosa, na kama hataki kuamini waende nayo kwa fundi. Wakaenda Kabati pamoja, Mwongeli katikati yao.

Fundi aliitwa Shiru. Alikuja kutoka Murang'a miaka mingi iliyopita, na Kikamba chake sasa ni safi kuliko cha watoto wetu. Anatengeneza simu na kupiga chapa karatasi. Mutindi alitoa simu kwenye mfuko, akafungua kitambaa, na Shiru akatazama.

"Mmeifunika kama mkate wa meza ya Bwana," alisema. "Imesasishwa lini?"

"Haijaguswa kamwe," Mutindi alisema kwa fahari.

"Ndiyo ninavyoogopa."

Shiru alifungua ukurasa wa hospitali kwenye simu ile. Kisha akaufungua kwenye kompyuta yake, akaviweka kando kwa kando. Juu, kurasa zilifanana. Chini hazikufanana. Kwenye kompyuta palikuwa na kitufe kikubwa cha kijani: TUMA OMBI. Kwenye simu ya mwethya palikuwa peupe.

Nyamai aliviangalia vyote viwili. Aliuliza kitufe kiko wapi kwenye simu.

"Hakipo," Shiru alisema. "Mliandika barua, hamkuituma."

Mutindi aliketi kwenye kiti cha wateja bila kuambiwa aketi.

Nyamai akasema haelewi. Ukurasa ni mmoja, hospitali ni moja. Iweje simu moja ione kitufe na nyingine isione? Shiru alifikiri kidogo, kisha akamwuliza kuhusu kazi yake.

"Ukinunua bomba la nusu inchi hapa Kabati, na koki ya nusu inchi Matiliku, vitaingiana?"

"Lazima."

"Nani alisema lazima?"

"Wanaozitengeneza walikubaliana vipimo. Wasingekubaliana, ningefunga mabomba kwa kamba."

"Basi na tovuti ni hivyo," Shiru alisema. "Watu wanaotengeneza kurasa na watu wanaotengeneza brauza wana vipimo walivyokubaliana. Brauza ni ile programu unayofungulia tovuti. Vipimo vinaongezeka kila mwaka. Brauza ya simu hii ilibaki na vile vya zamani. Ikikutana na kitu kipya isichokijua, inakiruka. Haikwambii imeruka nini."

Aliwaonyesha utepe wa manjano, akawasomea kwa Kiswahili. Ulisema: brauza yako imepitwa na wakati, huenda ukurasa huu usifanye kazi vizuri. Mutindi alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye ndiye aliyeuondoa.

Shiru aliongeza jambo lingine. Alisema matoleo mapya hayaleti mapambo tu. Yanaziba mianya ambayo wezi wa mtandao wanaingilia, na simu isiyosasishwa ni nyumba isiyofungwa mlango.

Nyamai alimgeukia Mutindi. Alisema sasa ameona kosa ni la nani.

"Ngoja, Baba Mbithi," Shiru alisema. "Usimbebeshe huyu mama mzigo wote. Kitufe cha kutuma ni kitu cha kale. Brauza yoyote inaweza kukionyesha kikitengenezwa kwa njia ya kawaida. Aliyetengeneza huu ukurasa alitaka kitufe cha kupendeza. Akakijaribu kwenye simu yake mpya, akaona kinang'aa, akaenda zake. Ukurasa wa wagonjwa wa macho. Hakufikiria mtu wa simu ya zamani, na hakufikiria mtu asiyeona vizuri. Huyo ana kosa kubwa kuliko la Mutindi, na yeye analala usingizi."

Mwongeli, ambaye hakuwa amesema neno tangu nyumbani, aliuliza kama wanaweza kuituma hiyo barua sasa.

Shiru alisasisha brauza. Ilichukua muda, na ilikula bando la intaneti. Alisema simu yenyewe ni kuukuu, bado inapokea brauza mpya, lakini haitapokea milele. Kisha wakajaza tena, wakashuka chini, na kitufe cha kijani kilikuwepo. Mutindi alikibonyeza. Baada ya kitambo simu ililia. Ujumbe uliingia wenye nambari.

"Hili ndilo ombi," Shiru alisema. "Jina kwenye kioo si ombi. Msipoona nambari, hamjaandikishwa."

Tarehe ya karibu iliyobaki ilikuwa baada ya mavuno ya pojo. Hapakuwa na jinsi. Mwongeli alingoja tena, na jicho halikungoja.

Safari hii karani alimpata mara moja. Daktari alimpima kwa mashine, akarudia. Mwongeli alikuwa sasa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, katikati tu. Daktari aliuliza kwa nini hakuja mapema. Nyamai alimweleza yote. Daktari akasema kwamba angekuja ile siku ya kwanza, angebaki na zaidi ya hiki. Alimfanyia upasuaji na kumpa dawa ya matone ya kutia kila siku, maisha yote. Alisema pia kwamba ugonjwa huu hutembea ndani ya familia moja, na ndugu zake wote wapimwe hata kama wanaona vizuri.

Mwethya ulikaa kikao. Mzee Nthiwa, mwenyekiti, hakutaka sheria ibadilishwe. Alisema amesikia kwenye redio kwamba kampuni kubwa za simu zitaacha kuhudumia simu za zamani. Hiyo ni njama ya kutufanya tununue mpya, alisema, na kusasisha ndiyo mwanzo wa njama. Wengi waliitikia.

Shiru, aliyekuwa amealikwa, alikubali kwamba mzee hakukosea yote. Kampuni zinataka kuuza. Simu nzima inaitwa kuukuu kabla haijachakaa, na anayeumia ni mtu wa mashambani. Lakini kukataa kusasisha hakuiumizi kampuni hata kidogo.

Nthiwa alisema kikundi kimekaa miaka yote na simu ile bila madhara.

Ndipo Mwongeli aliposimama. Alipapasa meza kwanza apate pa kushika.

"Mzee, uko upande gani?" aliuliza. "Nasikia sauti yako, sikuoni."

Nthiwa alikuwa ameketi karibu naye kabisa, upande wa kulia. Aliinamisha kichwa, na baadaye akasema tuandike sheria mpya.

Waliandika kwamba simu itasasishwa siku za kikao, mbele ya wote. Programu ngeni bado haiingii bila ruhusa. Utepe wa onyo utasomwa mpaka mwisho kabla ya kuondolewa, na asiyejua Kiingereza atauliza. Na ombi lolote la mtandaoni halijaisha mpaka nambari iingie na kusomwa kwa sauti. Ikikosekana, wataenda kwa Shiru siku hiyohiyo.

Shiru naye aliwaandikia hospitali, akaambatanisha picha ya ule weupe. Walikaa kimya sana. Mwishowe waliweka kitufe cha kawaida, na juu ya ukurasa wakaandika kwa Kiswahili nambari ya simu ya kupiga. Hawakuomba msamaha.

Mtu wa kwanza kuandikishwa chini ya sheria mpya alikuwa Kaveke, mdogo wake Mwongeli. Alikuwa anaona vizuri, akakataa kwenda. Mwongeli alimsukuma. Utepe wa manjano haukutokea, kitufe kilibonyezwa, nambari ikaingia, na Mutindi akaisoma kwa sauti mara mbili. Kliniki walimkuta Kaveke na presha ileile, katika macho yote mawili. Ilikuwa bado haijala kitu. Walimpa matone ya kutia kila jioni, wakamwambia akiyatia bila kuacha, huenda akazeeka akiona.

Kaveke alirudi akapitia kwa dada yake. Alishindwa kusema habari njema. Aliketi kwenye kigoda akizungusha kichupa cha dawa mkononi. Mwishowe alisema anaona aibu, kwamba yeye amesalimika kwa njia ileile iliyompoteza dada yake.

Mwongeli alinyoosha mkono hewani mpaka akaupata uso wake.

"Aibu haitibu mtu," alisema. "Jua linatua. Inua kichwa, nikushikie kope, utie dawa."