Ulimi wa Ayiko na Kisu cha Régine

"Dada, hicho si cha kuzuia vitambaa! Utakivunja meno!"

Régine, mchuuzi kutoka Kongo, aliinua macho. Katikati ya makelele ya soko la Arua, mji wa karibu na mpaka wa Kongo, alisimama kijana mrefu, ovaroli imejaa grisi, akikikodolea macho kisu cha mashine ya kuchongea chuma: duara zito lenye meno pande zote, ambalo Régine alililaza juu ya vitenge visipeperuke.

"Wewe daktari wa meno?"

Ayiko alicheka. Alikuwa fundi katika karakana ya Kamisi, akichonga gia za vinu vya mahindi, na mwaka ule wa 1975 visu kama hivyo vilikuwa adimu. Alikinunua. Wiki iliyofuata alirudi bila haja ya kununua chochote. Régine alivaa kitenge cha machungwa, shingo wazi, na harufu ya sabuni yake ilimfuata Ayiko hadi kwenye mashine. Mvua zilipoanza, walikuwa wakiitana mume na mke.

Kisha Régine akamletea kisu kipya, kingali ndani ya karatasi ya mafuta.

Asubuhi moja Kamisi alikifunga mwenyewe kwenye mashine, Ayiko akawasha. Kikapasuka. Kipande kikamchana shavu, chupuchupu jicho. Alikwenda sokoni damu ikichuruzika.

"Umeniletea takataka! Nyinyi Wakongo wezi tu!"

Wachuuzi wakageuka kutazama.

"Ayiko, rudia."

"Wezi!"

Régine alikusanya vitenge, akapanda lori la kwenda Koboko, mji wa jirani.

Kesho yake Ayiko aliokota vile vipande. Vilikuwa na kutu ndani ya ufa: kisu kikuukuu, kilichonolewa tu kikang'aa.

"Kipya kiko wapi?" alimfokea Kamisi.

"Afande mmoja wa jeshi alikitaka, bunduki begani. Ningekataa vipi?"

"Ukanifungia kibovu kiniue?"

Alivua ovaroli, akamtupia usoni, akaondoka.

Alimkuta Régine soko la Koboko, akiuza chumvi pamoja na vitenge.

"Mpenzi..."

"Usiniite hivyo. Toka!"

"Kamisi alibadilisha kisu."

"Na ulimi wako, nani aliubadilisha? Ulinitukana mimi, mama yangu, kwetu kote. Kamisi alikulazimisha?"

Ayiko akawageukia watu.

"Jamani! Huyu mwanamke si mwizi! Nilimwita mwizi mbele ya soko zima la Arua, na nilikosea!"

"Ongeza sauti!" alipiga kelele Santa, muuza samaki. "Huku nyuma hatusikii!"

Alirudia mpaka sauti ikamkauka. Régine alikuwa akilia, na bado amekunja ngumi.

"Nyamaza, unafukuza wateja."

"Nataka kukuoa rasmi."

"Nenda Kongo kwa baba yangu kwanza. Mwambie kwa mdomo wako ulichoniita. Akikuacha mzima, rudi nikupikie."

"Na wewe, hasira imeisha?"

"Bado. Nenda upesi."

Ayiko akashika njia ya mpakani.